Shamba Shape Up, Mama Shujaa wa Chakula au Don't Lose the Plot: sisi wa kandokando ya Ziwa Victoria tuanze na kipindi kipi?

Mtoto wa dada yangu yuko darasa la tatu, anakulia Mabatini, Mwanza mjini. Mwezi uliopita alinikuta nachambua dagaa, akachuchumaa pembeni, akaokota mmoja na kuniuliza: "Mama mdogo, hawa wakikua ndio wanakuwa sangara?" Kutoka kwao hadi soko la samaki la Mwaloni Kirumba ni safari fupi ya bodaboda, na magunia ya dagaa yanayopakiwa pale huvuka mipaka kwenda Kongo, Rwanda na Burundi. Mtoto mwenyewe hajawahi kuona dagaa akitolewa majini. Nilimweleza kuwa dagaa ni samaki mzima aliyekwisha kukua, na hata azeeke vipi hazidi kidole. Nadhani aliniamini nusu.

Swali lile nililipeleka kikundini. Sisi ni akina mama wa Kayenze, wengi tuna mashamba ya muhogo, viazi vitamu na mahindi, wachache wana majaruba ya mpunga upande wa Magu, na karibu sote tunauza dagaa au tumewahi kuuza. Jumapili baada ya ibada tunakutana kwa mwenzetu mwenye televisheni, na kwa muda mrefu ilikuwa ni tamthilia za Kituruki tu. Tukakubaliana saa moja iwe ya vipindi vya wakulima, watoto nao wakae. Kazi ya kuchagua nikapewa mimi, kwa kuwa ndiye ninayepakua kwenye simu na kuhamishia kwenye flashi. Nimeviangalia vitatu kwa miezi kadhaa, vingine mara mbili mbili. Nimeyaandika haya kwa ajili ya kikundi kingine chochote cha huku kwetu chenye televisheni moja na bando la kuhesabu.

Shamba Shape Up

Kilianza kurushwa mwaka 2012 Kenya, kupitia Citizen TV, na watengenezaji wake ni kampuni ya Mediae ya Nairobi. Kwa miaka mingi Tonny Njuguna na Naomi Kamau ndio waliokuwa wakipiga hodi kwa mkulima. Kipindi kimoja ni kama nusu saa na familia moja. Wataalamu wanaingia kwa zamu: huyu anachimba udongo na kuupima, yule anamkagua ng'ombe kuanzia ulimi hadi kwato, mwingine anabomoa banda la kuku lililooza na kusimamisha jipya. Kuna toleo la Kiingereza na la Kiswahili, na vipindi vingi viko YouTube, kwa hiyo ukikosa siku ya kurushwa hujakosa kitu.

Chuo Kikuu cha Reading cha Uingereza kilipokitathmini huko Kenya, watafiti walikadiria kuwa kaya zaidi ya 400,000 zilibadilisha namna ya kulima mahindi au kufuga ng'ombe wa maziwa kwa sababu yake. Nilikuwa na mashaka na namba hiyo mpaka nilipoona yaliyotokea kwetu baada ya kipindi kimoja tu cha kuku. Kila mwaka kiangazi kikishika, kideri, ule ugonjwa wa kuku, hupita hapa Kayenze na kufagia mabanda. Tumezoea kusema "ni upepo". Baada ya kuangalia, wenzetu sita walichanga wakanunua chupa moja ya chanjo ya I-2. Chupa moja hutosha kuku wengi na ikishafunguliwa haikai, ndiyo maana mtu mwenye kuku kumi peke yake huona hasara kuinunua. Tone moja jichoni, kuku wazima tu, unarudia kila baada ya miezi 3. Chanjo hii inavumilia joto kuliko zile za zamani, jambo kubwa kwa sisi tusio na jokofu. Waliochanja wana kuku hadi leo. Hakuna semina niliyowahi kuhudhuria iliyotufikisha hapo kwa nusu saa.

Nguvu yake ni hiyo: unaona mikono. Mtu hakuambii "boresha banda", unaona ubao unapigwa misumari, unaona pumba inapimwa kwa kopo, unaona mama mwenye shamba akikosea na kurekebishwa. Kwa mwanakikundi asiyesoma vizuri, hakuna kitu bora zaidi.

Ila kina mambo ya kuangalia, na hapa sitaki kupita haraka kwa sababu fedha za watu zinaweza kupotea.

La kwanza ni udongo. Sehemu kubwa ya mashamba yanayoonyeshwa ni ya nyanda za juu za Kenya, udongo mwekundu wenye kina, mvua ya kutosha. Wasukuma wana majina yao ya udongo na majina hayo ni elimu kamili: luseni, kichanga chepesi cha mteremko, itogolo, ambao ukichimba kidogo unakutana na tabaka gumu, na mbuga, mweusi wa bondeni unaopasuka kiangazi na kunasa jembe masika. Mtaalamu wa kwenye televisheni akisema kiasi fulani cha mbolea kwa shimo, amesema baada ya kupima udongo wa yule mama wa Kenya. Luseni ya kwetu haishiki mbolea namna ile. Mvua moja kubwa na imeshuka ziwani. Samadi na matuta yaliyofungwa kwa kukingama, kama wazee wetu walivyokuwa wakilima, yanasaidia luseni kuliko kuongeza mfuko wa pili. Cha kuiga kwenye kipindi ni ile tabia ya kupima kabla ya kununua. Ukiriguru, pale Misungwi, kuna kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kilichokuwepo tangu enzi za mkoloni, ndiko zilikotoka mbegu za pamba zenye jina la UK. Wakulima wengi wa huku wanapita mbele ya geti lake na hawajawahi kuingia kuuliza.

La pili ni mbegu. Mbegu ya mahindi ya H614 inasifika, na inastahili sifa hiyo huko juu kwenye baridi. Sisi tuko kwenye mwinuko wa kama mita 1,140, na mahindi yanayochukua muda mrefu kukomaa yatakutwa na jua la Januari yakiwa bado kwenye mbelewele. Angalia lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha mbegu, na muulize afisa ugani inayofaa vuli ya hapa.

La tatu linaonekana dogo lakini lilituchanganya kwelikweli: Kiswahili chenyewe. Mkenya akisema "ndengu" anamaanisha choroko. Sisi tukisikia hivyo tunafikiri dengu, zile tunazopanda mbugani mvua zikiisha. Mwenzetu mmoja alishaanza kuuliza mbegu ya dengu kwa ajili ya kupanda Oktoba kwenye kichanga. Nikasimamisha kipindi, tukaelezana.

Na la nne, makampuni ya mbegu, dawa na vyakula vya mifugo ni miongoni mwa wanaodhamini vipindi. Hilo halifanyi ushauri uwe mbaya. Ila dawa ikitajwa kwa jina, andika kiambata chake, yaani kemikali yenyewe inayofanya kazi, usiandike jina la kopo tu, kisha uliza dukani kama kuna cha bei nafuu chenye kiambata hichohicho.

Kingine: mahindi na ng'ombe wa maziwa vinachukua nafasi kubwa, muhogo kidogo. Kwetu muhogo ndio akiba ya nyumba. Kipindi cha magonjwa ya muhogo nilikitafuta sana, kwa sababu watu wanachanganya mawili. Batobato unaliona kwenye jani: linakuwa na mabaka ya njano, linajikunja, mmea unadumaa. Michirizi ya kahawia inadanganya; jani linaweza kuonekana zima, ukija kuvuna na kukata kiazi ndipo unakuta ndani kuna kahawia ngumu kama gamba, haipikiki. Yote mawili huenezwa na inzi weupe na, zaidi, na sisi wenyewe tunapopeana pingili. Kupeana pingili ni upendo wa jirani, na ndiyo njia ambayo ugonjwa huhamia kutoka shamba hadi shamba. Kabla ya kuchukua pingili, kata viazi vya mche mama uangalie ndani.

Mama Shujaa wa Chakula

Hiki ni cha nyumbani. Shirika la Oxfam lilianzisha shindano la Mama Shujaa wa Chakula Tanzania mwaka 2011, na baadaye likaunganishwa na Maisha Plus, kipindi cha televisheni cha Masoud Kipanya: wanawake wakulima, wafugaji na wavuvi kutoka mikoa mbalimbali wanaishi pamoja kijijini, wanapika, wanalima, wanapewa kazi za kufanya, na watazamaji wanapiga kura.

Ukikipima kwa kipimo cha Shamba Shape Up utasema hakina kitu. Hutatoka ukijua nafasi ya mstari na mstari. Tena kupata vipindi vyote kwa mpangilio ni kazi. Nimepata vipande, vingine picha hafifu. Na kwa kuwa ni shindano, muda mwingi unaenda kwenye kura na nani ametoka.

Lakini nataka kusema wazi kwamba hiki ndicho kilichotunyamazisha. Kwenye Shamba Shape Up, shamba lipo tayari. Kuna uzio, kuna banda, kuna mtu anayeitwa mwenye shamba. Kwenye Mama Shujaa wanawake wanaulizana jambo linalotangulia hilo: ardhi ni ya nani? Mmoja analima eneo la kukodi, mwingine la mume, mwingine amenyang'anywa. Shangazi yangu alilima shamba moja miaka zaidi ya ishirini. Mume alipofariki, shemeji zake walikuja kabla ya arobaini kwisha na kumwambia achukue vyombo vyake. Mihogo ilibaki ardhini. Nilikuwa binti mdogo, nakumbuka tulirudi usiku kung'oa tuliyoipanda wenyewe, kama wezi.

Bibi mmoja wa kikundi, ambaye huwa hasemi, siku ile alisema: "Mayu, mimi nimelima tangu sijaolewa na sina hata tuta moja lenye jina langu." Hatukuangalia kitu kingine Jumapili hiyo. Tulizungumza mpaka giza. Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na halmashauri ya kijiji inaweza kutoa hati ya haki miliki ya kimila yenye majina ya mke na mume wote wawili. Wengi pale walikuwa wanasikia kwa mara ya kwanza. Mwezi uliofuata wawili walikwenda ofisi ya kijiji na waume zao kuuliza utaratibu.

Kwa watoto pia nakipa nafasi ya kwanza. Mtoto anayejua ugali kama unga wa mfuko anaona mtu aliyeinama, anaona kisigino kilichopasuka, anasikia lafudhi ya Kigogo, ya Kihaya, ya Kisukuma, na anaelewa kuwa chakula kina mwenyewe. Mtoto wa dada alipomwona mshiriki mmoja akianika mboga juani, alipiga kelele: "Kama nsansa za bibi!" Majani ya kunde yaliyokaushwa, anayakula kila akienda kijijini, na hakuwahi kufikiria kuwa ni ujuzi wa mtu. Tukaendelea siku ile hadi michembe na matobolwa: kwamba michembe ni viazi vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa, matobolwa huchemshwa kwanza. Ni watoto wa Mwanza hawa.

Don't Lose the Plot

Nitakuwa mfupi. Nacho ni cha Mediae, cha mwaka 2017: vijana wanne, wawili Wakenya na wawili Watanzania, kila mmoja ekari moja, na anayeonyesha kilimo chenye faida na kinachoweza kudumu anashinda zawadi ya dola 10,000. Jina ni la Kiingereza, lakini kisikutishe.

Kama una kijana aliyemaliza kidato cha nne na anataka mtaji wa tikiti maji kwa sababu ameona picha ya mtu aliyepata mamilioni, mkalishe mbele ya hiki kabla ya kuuza mbuzi. Hapa hesabu inaonekana. Vijana wanaandika matumizi kabla ya kupanda, wanaona soko likibadilika, wanaona mdudu akila mapato. Nimewaona vijana wawili wa hapa wakichukua daftari katikati ya kipindi na kuanza kuorodhesha walichosahau mwaka jana: petroli ya pampu, nauli ya kwenda kumtafuta mnunuzi, ushuru, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Lumbesa haimo kwenye hesabu ya mtu yeyote anayeanza, na ndiyo inayokula faida, kwa sababu unalipwa gunia moja huku umetoa moja na kilemba chake.

Kuna jambo moja la huku ambalo kijana wa kando ya ziwa lazima ajue kabla ya kufunga pampu: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Bustani nyingi nzuri za nyanya na mchicha ninazoziona ziko ndani ya hizo mita 60. Siku ya kung'olewa hakuna fidia, na kabla ya siku hiyo dawa zote za mimea zinaingia kwenye maji tunayokunywa.

Zawadi yenyewe naiona kuwa udhaifu wa kipindi. Kijana wa kawaida hana wa kumpa ekari wala mtaalamu wa kumtembelea. Kwa hiyo waangalie hesabu na waache ndoto ya mwisho.

Ziwa liko wapi?

Hakuna kati ya vitatu kinachomjibu mtoto wa dada yangu. Mahindi yamo, maziwa yamo, dagaa hamna. Nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja, "Si kuna ile filamu ya Mwanza?" Wanamaanisha Darwin's Nightmare, ya Hubert Sauper, ya mwaka 2004, iliyofuatilia minofu ya sangara kutoka hapa hadi kwenye ndege za kwenda Ulaya, na mapanki, yaani vichwa na mifupa, yaliyobaki kwa watu wa hapa. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani, na watu wengi wa Mwanza waliumia kuonekana vile. Kuna maswali ya kweli ndani yake kuhusu nani anakula nini. Lakini si ya watoto, na mkulima au mvuvi hatoki nayo na kitu cha kufanya kesho. Kwa saa yetu ya Jumapili, nimeiacha.

Badala yake tulifanya jambo lisilohitaji bando. Kipindi cha giza, mwezi ukiwa umefichwa, tuliwapeleka watoto mwaloni Igombe alfajiri. Waliona mitumbwi ikirudi na taa zake, dagaa wakimwagwa wakiwa wanang'aa kama fedha, wanawake wakiwatandaza. Mvuvi mmoja mzee aliwaeleza kwa nini mbalamwezi ikiwa kubwa hawaendi: dagaa hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiwaka juu taa haina nguvu. Akachukua fimbo na kuwapimia sentimita 50 na sentimita 85 mchangani, akawaambia sangara aliye chini ya alama ya kwanza bado hajazaa vya kutosha na sheria inakataa kumvua, na aliye juu ya pili ni mzazi mkubwa, ambaye naye sheria iliwahi kumkataza. Mtoto wa dada alilala katikati ya zile alama kujipima. Kisha akauliza kama dagaa nao wana kipimo chao, na yule mzee akamwambia kipimo chao kiko kwenye jicho la nyavu. Hapo ndipo aliamini ile nusu iliyobaki.

Tulivyopanga

Kikundi chenye mashamba mkononi, anzeni na Shamba Shape Up, toleo la Kiswahili, na daima awepo mtu wa kusimamisha picha na kuuliza "kwetu je?" Bila mtu huyo nisingekishauri. Kama wengi wenu hamna ardhi yenye majina yenu, au mna watoto sebuleni, tangulizeni Mama Shujaa hata kama picha ni hafifu. Vijana wapeni Don't Lose the Plot na daftari, peke yao, watu wazima tusiwepo. Tukiwepo hawasemi walichopoteza.

Kwa upande wetu, Jumapili ijayo tunarudia kile cha kuku, kwa sababu kiangazi kinakaribia na wenzetu wanane hawajachanja. Chupa tumeshaichangia. Atakayekuja aje na hesabu ya kuku wake, wazima tu.